Mzee Tuliyemleta Akae Akiba

Ugoro naujua kwa harufu hata ukiwa kwenye kibati kilichofungwa, na mpaka leo nikiusikia naziba pua. Watoto wangu wananicheka, wanasema ni maringo ya uzeeni. Waache wacheke. Wao hawakuwahi kuvaa pedi za miguuni zilizopakwa makamasi ya ugoro ya mtu mwingine, tena zikiwa bado na joto la miguu yake.

Nazungumzia miaka ya hamsini mwanzoni, enzi za Mwingereza, sie tukikaa Temeke. Tulikuwa na timu ya mpira wa magongo. Kandanda kila mtu alicheza, lakini magongo yalikuwa ya Wahindi na Wazungu wa mjini, mpaka kepteni wetu alipoujifunza mchezo kwa kuutazama tu, maana kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya chokaa kwenye kiwanja cha klabu moja huko. Akawa anarudi na magongo yaliyopasuka ambayo wenyewe wameyatupa. Tunayapaka gundi ya seremala, tunayakaza kwa kamba, tunacheza. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, na mpira ule mchangani hauendi, kwa hiyo kila Jumamosi tulimwaga maji na kuviringisha pipa la kokoto mpaka ardhi ishikamane. Wapita njia wakituona na magongo mabegani walikuwa wakiuliza nani kaiba kuku.

Kipa nilikuwa mie. Pedi nilizishona mwenyewe kwa turubai, nikapanga fito za mianzi ndani na kujaza usufi wa mto niliokuwa nikilalia. Mpira wa magongo si wa kuchezea, ukikupata mfupani utaona nyota mchana. Miaka miwili nililinda lango lile, na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Mchana nilikuwa nabeba mafaili ofisini, naitwa "boi" na watu niliowazidi hata mwandiko. Jumapili nikivaa pedi, Temeke nzima inaniita kipa. Hicho ndicho nilichokuwa nacho duniani.

Sasa mwezi mmoja nikashikwa na homa. Beki wetu akasimama golini badala yangu, tukafungwa saba. Mwenyekiti wa timu, karani mmoja mwenye tumbo na maneno mengi, akasema lazima tupate kipa wa akiba. Wakamtafuta, wakampata. Alikuwa mzee mmoja wa rika la baba yangu, aliyekuwa kipa wa magongo wa kikosi cha askari huko bara wakati wa ujana wake, na sasa amestaafu, anakaa kwa bintiye karibu na soko. Walimfuata nyumbani wakamwomba. Akawaambia, mie nikiwepo nasikia, "Kukaa akiba, sawa. Kucheza, umri umekwenda." Nikampenda siku ile. Nilimwamkia shikamoo kwa moyo mweupe kabisa.

Mechi ya kwanza alikuja na mkeka wake, akautandika pembeni ya mstari, akakaa. Mie golini, yeye mkekani, mambo safi. Hapo ndipo tulipogundua ujinga wetu. Wazee wenzake waliotoka msikitini wakapita, wakasimama, wakamtazama. Mmoja akapaza sauti, "Ebo! Mtu mzima mnamkalisha chini kama mgonjwa, mtoto ndiye kasimama mbele yake?" Watu wakageuka. Mwenyekiti akaanza kutokwa jasho. Maana kweli, nani alishaona mkubwa anamsubiri mdogo amalize? Chakulani mkubwa ndiye anayenawa kwanza, na mlangoni ndiye anayetangulia. Sie tulikuwa tumemleta mtu ambaye kwa umri wake hawezi kuwa akiba ya mtu yeyote, na katika vikao vyote vile hakuna aliyeliwaza hilo.

Mapumziko yalipofika mwenyekiti akanijia na tabasamu lake la mafuta. "Kijana, mpishe mzee kidogo. Penye wazee haliharibiki neno."

Nikavua pedi. Mzee alikataa, alisema jamani niacheni, lakini walishamwinua kwa mikono miwili, wanapiga makofi. Akavaa. Na ile "kidogo" ikawa wiki, ikawa miezi.

Lo, nilivyomchukia! Nilianza kuona kinyaa kwa kila kitu chake. Alikuwa na kibati cha ugoro kiunoni, hata golini anakifungua, anabana puani, anapiga chafya, anajifuta kwenye pedi. Pedi zangu! Anatema pale pale kwenye mstari wa goli, mpaka ardhi tuliyoiviringishia pipa ikawa na madoa ya kahawia. Usufi ukanyonya jasho lake ukaanza kunuka. Ikifika Jumatatu kazi yangu ikawa kuzianika juani, maana yeye mkubwa, haoshi. Nilizishika kwa vidole viwili, uso nimeugeuza. Nami ndiye niliyekuwa nakaa kwenye ule mkeka wake sasa, nao unanuka vile vile.

Na alikuwa hadaki! Mazoezini mabao yanapita hivi hivi, na watu wazima wanasema, "Bahati mbaya, mzee! Umejitahidi!" Ningefungwa mie bao kama lile wangenitukania ukoo. Unafiki ule ulinichefua kuliko ugoro.

Siku moja mazoezini nikampigia mwenyewe. Kulia kwake, akauzuia vizuri tu, mguu wa mtu aliyeujua mchezo. Kushoto, hakusogea. Nikadhani kazubaa. Nikapiga tena kushoto, polepole kabisa, mpira wa kumbembelezea mtoto. Alisimama ananitazama, mpira ukapita karibu na mguu wake, naye akageuka ulipokwishagonga ubao wa nyuma ya goli. Nikamsogelea nikijifanya namfunga mkanda wa pedi. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Mtoto wa jicho. Mzee alikuwa haoni upande ule hata kidogo.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia mwenyekiti, na siku ile ile ningerudi golini. Zaidi ya hilo, mzee angerudi kukaa kwa usalama, maana mtu asiyeona anasimamishaje mwili wake mbele ya mpira ule? Sikusema. Nilijiambia ni heshima, mdogo hamtangazii mkubwa aibu yake. Maneno matamu. Lakini nimeshazeeka, na sina haja ya kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukweli ni kwamba wiki tatu mbele tulikuwa na mechi ya kombe na timu ya Kinondoni, watu wangejaa, na mie nilitaka afungwe mbele ya macho ya watu wote. Nilitaka wale wazee wa msikitini waone. Nilitaka aondoke uwanjani kwa kuzomewa, na mwenyekiti aje kwangu kwa magoti.

Siku ya mechi nilimfunga pedi mwenyewe. Akanishika bega, akakawia kidogo, kama mtu mwenye jambo. Nikamwambia, "Mzee, wanakusubiri."

Bao la kwanza likapita kushoto. La pili kushoto. Watu wakaanza kuguna, na mie mkekani roho yangu inacheza ngoma, Mungu anisamehe. Kisha sentafowadi wa Kinondoni akapiga mpira wa juu kutoka kushoto. Mzee aliusikia gongo likilia. Akageuza kichwa chote kuutafuta, akaupokea usoni, upande wa kulia, kwenye jicho lake lile zima.

Sitaeleza nilichokiona wakati wanamwinua. Wakamchukua hospitali kwenye toroli la mwuza maji. Refa akaruhusu kipa aingie. Nikavaa pedi zilizolowa damu na ugoro, nikasimama. Basi siku ile nilicheza kuliko siku zote za maisha yangu. Hakuna mpira uliopita. Tukarudisha mawili, tukaongeza la tatu, na watu wakanibeba mabegani, wale wale waliomwinua mzee. Mwenyekiti akapanda juu ya pipa akasema, "Huyu kijana mtazameni! Miezi yote hiyo kampisha mkubwa, hakunung'unika hata siku moja. Hiyo ndiyo adabu!" Wakapiga makofi. Nilishuka nikaenda nyuma ya uwanja nikatapika.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwa bintiye. Mzee alikuwa kitandani, kitambaa usoni. Jicho la kulia halikupona. Akanijua kwa sauti niliposema shikamoo, akaniambia nikae karibu.

"Mie nilikuja kukaa, mwanangu," alisema. "Nilijua jicho moja limekufa. Nikasema mkekani halina kazi. Lakini watu wakikuinua kwa heshima, unawaambiaje mimi sioni? Nikaona haya. Ile siku uliyonipigia taratibu nikajua umejua. Nikashukuru. Nikasema huyu atanisemea. Nikangoja."

Nikaanza kuunyoosha upindo wa shuka lake.

"Ulinionea haya, siyo?" akaniuliza. "Hukutaka kunivunjia heshima."

Bintiye alikuwa mlangoni na bakuli la uji, ananitazama. Mzee akawa anapapasa hewani, anautafuta mkono wangu. Nikampa.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Akaupandisha mkono wake mpaka kichwani kwangu, akauacha pale. "Mungu akuruzuku na wewe watoto wenye adabu kama yako."

Nikaitikia amina.