Mvua ya Paa la Kavata

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Syombua kilikuwa bonde dogo juu ya paji la uso wake, mahali ukanda wa kubebea mtungi wa maji ulipokaa tangu utotoni. Hata kitambaa cha kichwa kilitafuta bonde hilo kikatulia humo. Mwaka huo wa 1977, aliona bonde kama lile likianza kujichora kwa bintiye Mbinya, na moyo wake haukutulia.

Ndiyo sababu alijiunga na kikundi cha akina mama wa kijiji chao, karibu na Migwani. Walichanga, wakanunua mabati na tangi, wakamwezekea mmoja wao nyumba, kisha wakaanza kumchangia mwingine. Mwenye bati aliteka maji ya mvua mlangoni pake. Asiye nalo alikwenda kuyachimba katika mchanga wa mto. Zamu zilipigiwa kura, naye Syombua akaangukia mwisho. Kujitoa asingeweza, kwa kuwa jasho lake lote lilikuwa juu ya nyumba za wenzake. Basi kila paa lilipopanda, aliimba na kupiga vigelegele kuwashinda wote.

Aliyemtangulia katika zamu alikuwa Kavata, jirani yake, ambaye bati lake lilikuwa limeshapanda.

"Mama Mbinya, mabati haya yana kelele jamani!" Kavata alimwambia asubuhi moja. "Upepo kidogo tu, hatulali!"

"Pole," Syombua alijibu, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Nyumbani, Mbinya alikataa uji. "Kwa nini wao wapate kwanza?"

"Shukuru, mwanangu. Nyasi zetu hazivuji, na zamu yetu inakuja."

Mvua ya kwanza ya Novemba ilishuka kwa kishindo, lakini tangi la Kavata halikupata kitu. Maji yalifurika kutoka kwenye mfereji wa paa, yakamega kona ya ukuta wa udongo. Kavata alichokoa mfereji, akatoa donge la nyuzi za katani.

"Ndege hawa! Wameshajenga!"

Syombua alilitazama donge lile. Nyuzi zilikuwa nyekundu, rangi aliyoichemsha yeye mwenyewe kwa ajili ya kusuka kikapu chake cha kiondo. Akarudi kwake, akamkabili Mbinya.

"Ni wewe?"

Mbinya aliinamisha kichwa. "Nilitaka nao waende mtoni."

"Mimi nimekufundisha hivyo?"

"Siku bati lao lilipopanda uliwaimbia, mama. Halafu ukaja hapa ukawamwagia kuku chakula chako."

Syombua akinyamaza, bati lake lingekuja. Akisema, kikundi kingeweza kumtoa katika zamu. Na mtoto alikuwa akimkodolea macho, kama anayengoja kuona ni mama yupi atakayetoka nje: yule wa vigelegele au yule wa kuku.

Alimshika mkono, wakaenda kikundini, akaeleza yote.

"Kumbe!" alisema Ndululu, mwenyekiti. "Na vile ulivyokuwa ukituimbia!"

"Niliimba nikiumia. Mtoto akaona."

Wanawake walinong'onezana. Mwishowe Ndululu akasema, "Bati lako halipandi mpaka tangi la Kavata lijae. Kwa mvua au kwa mgongo wako, shauri yako."

Wakaanza kubeba maji, mama na binti, kutoka mtoni hadi kwa Kavata. Waliyoyamimina jioni, Kavata aliyateka asubuhi kupikia, na tangi likabaki vilevile. Ila hakuacha kusema asante.

"Mama, mbona anatushukuru na sisi ndio tulimkosea?" Mbinya aliuliza njiani.

"Nami najiuliza. Hebu tumwitikie vizuri."

Kesho yake Mbinya alipanda ngazi bila kutumwa, akafuta mfereji wa Kavata kwa mkono hadi ukang'aa.

Tangu hapo, kila jioni mawingu yalipojikusanya, wawili hao walisimama chini ya nyasi zao, shingo zimeelekea upande mmoja, wakiomba bati la jirani lianze kupiga kelele.