Pale Agnesi Asipojibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kombeo na dungu, yaani kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya mpunga. Nilikuwa nimeachia shule darasa la tano. Wazazi wote wawili walikuwa wamefariki, nami nilibaki na wadogo watatu: Kasto, Agnesi na Pius. Mnyapara wa shamba lile, huko Namawala, alitutazama akasema, "Kelele mnazo. Mtaamia ndege." Kuamia ni kuwafukuza kwelea wasimalize mpunga.

Kila mmoja alikaa dungu lake, na matete yalituficha tusionane. Nikatunga wimbo wa kuwaita. "Kasto uko?" "Niko!" "Agnesi uko?" "Niko!" Kisha Pius. Ndege waliruka, nami nilijua wadogo zangu wako hai.

Adhuhuri moja Agnesi alishuka mtoni kuchota maji. Niliita mara tatu. Mamba alikuwa amemchukua.

Kesho yake niliimba jina lake, nikanyamaza kiasi cha jibu lake, ndipo nikamwita Pius. Mnyapara akaja.

"Binti, mtoe huyo. Unajitonesha."

"Nikimtoa watabaki wawili. Mama aliniachia watatu."

Akaenda zake. Kila shamba nililohamia, hata nilipokuwa mnyapara mwenyewe, waamiaji waliimba hivyo. Hakuna aliyejaza kimya kile.

Msimu wangu wa mwisho, mwanamuziki mmoja alinirekodi wimbo huo kwa simu. Nilimweleza yote.

"Pale usitie kitu, baba."

"Nimekuelewa, bibi."

Amenielewa! Haukupita muda Ifakara nzima ikawa inaucheza, harusini na kwenye bajaji. "Agnesi uko?" Na msichana anacheka, "Niko, beibi!" Mtangazaji anasema ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe. Mwenyewe ni mimi, na huyo wanayemchezea ni mdogo wangu ambaye hatukupata hata cha kuzika.

Majuzi yule mwanamuziki alirudi. Nyimbo zake nyingine zote zimekataa kupendwa.

"Shikamoo bibi. Nipe mwingine."

"Marahaba. Kwanza mtoe yule msichana."

"Redioni kimya hakifai, bibi. Watu watahamia stesheni nyingine."

"Wahame!" Nikamwonyesha njia.

Nimestaafu kuamia, sijastaafu kuwaita wadogo zangu, na sasa tunaishi uwanja mmoja. Jana niliita. Kasto akajibu, mzee wa watu, huku anapepeta mchele. Nilipofika kwa Agnesi, watoto wa jirani wakapaza sauti, "Niko, beibi!"

Nikaanza upya kwa Kasto. Wakarudia. Nikaanza upya.

Nina sauti ya shamba mimi. Watachoka wao.