Bakteria wangu walibadilishiwa jina, wakafia stoo Lodwar

Wakuu, ejok, yaani hamjambo.

Niko Kakuma, nasambazia wakulima wa Kalobeyei mbegu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia hata punje.

Kuna unga mweusi tunaopaka mbegu za kunde kabla ya kupanda. Ndani mna bakteria hai. Wanaingia kwenye mizizi, wanaulisha mmea mbolea kutoka hewani. Bila wao, kunde za kule hudumaa na kuwa njano.

Sasa wataalamu wetu, Mungu awazidishie, wakapima DNA wakagundua spishi moja kumbe ni mbili, zinafanana kama mapacha. Wangu wakapewa jina jipya. Kiwanda kikabadilisha lebo. Kibali changu cha kuwasafirisha kikabaki na jina la zamani.

Kwenye ukaguzi Lodwar, afisa akavaa miwani.

"Permit inasema hii, pakiti inasema ingine. Hizi ni vitu mbili different."

"Mkuu, ni wale wale. Jina tu limebadilika."

"Leta barua."

Afisa mwenyewe kwao wanamwita kwa jina la dume lake la ng'ombe, kama desturi. Kitambulisho kina jina lingine, na mshahara wake haujawahi kusimamishwa.

Nikaomba basi awaweke kwenye friji, joto litawaua. Friji ilijaa samaki wa Kerio. Hao hawakuulizwa kibali. Boksi zikaenda stoo ya mabati.

Mvua ikanyesha siku ya nne. Mama Furaha, mkimbizi Mkongo mwenye kishamba Kalobeyei, alinipigia kila asubuhi. Kunde zile ndizo chakula cha wanawe. Mwishowe nikaogopa kupokea simu.

Siku ya tisa barua ikaja: ni wale wale, achukue. Nikafungua boksi. Unga umekauka kama vumbi la barabarani. Majina mawili, wote marehemu.

Kwa aibu nilikwepa Kalobeyei karibu mwezi mzima. Nilipokwenda kuomba radhi, nikakuta kunde kijani kibichi. Mama Furaha akanicheka.

"Mvula haingojaka karatasi, ndugu. Nilichota udongo ya shamba ya mwaka jana, ile ya kunde ya unga yako, nikachanganya na mbegu."

Aling'oa mche mmoja. Mizizi imejaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu: bakteria wazima, wako kazini. Nusura nilie, wakuu.

Funzo: kiumbe hai usimwache ofisini akisubiri barua.

Juzi nimetumiwa fomu ya ripoti: "Taja spishi iliyotumika." Nimejaza: ya Mama Furaha.

Watu wa maabara mliomo humu, hebu niambieni jina lao halisi. Ila wahini, kabla halijabadilika.