Saa ya Zanvil na Sabato ya Mwaka Mpya

Zanvil Rotshtein aliuza soksi na vitambaa vya meza mtaani Geula, Yerusalemu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Jirani akichelewa kuwasha mishumaa ya Sabato, Zanvil keshaona. Mtu akigusa simu Jumamosi kabla giza halijaingia sawasawa, Zanvil yuko dirishani anapiga kelele. Watu walimvumilia kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na doa.

Basi shemeji yake, mwuza almasi kule Antwerp, akamzawadia saa ya mkono. Ilikuwa ya dhahabu, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na usoni mwake mwezi ulinenepa na kukonda kama ule wa juu. Tarehe za Kiyahudi ziliandikwa kwa herufi, na hata ule mwezi wa ziada wa miaka mirefu ulikuwa na nafasi yake. Zanvil, ambaye shati lake la Sabato lilikuwa na kiraka kwapani, akaanza kukunja mkono wa koti hata kwenye baridi.

"Reb Zanvil, saa ngapi?" wenzake wa sinagogi walimtania.

"Niulize mwezi umefika wapi. Saa hata punda anajua."

Mwaka huo Mwaka Mpya wa Kiyahudi, ambao ni sikukuu ya siku mbili, uliangukia Alhamisi na Ijumaa, Sabato ikafuata papo hapo. Siku zote hizo kazi ni mwiko, na mcha Mungu kama Zanvil hatii hata saa ufunguo.

"Itakufa tu hiyo," alisema Feivish, mwuza samaki.

"Hii? Ukiijaza inakwenda siku tatu na ushee! Jumamosi baada ya sala njooni muione. Ikisimama, niiteni mwongo mbele ya watu."

Jumatano alasiri mkewe, Hinda, akamtuma kichwa cha samaki cha karamu. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wanasukumana, naye akarudi mbio jua likizama na sikukuu ikiingia. Kuijaza saa hakukumbuka. Jumamosi, katikati ya sala, akaitupia jicho. Imesimama.

Angesema tu, "Jamani, nilisahau." Wangemcheka, yakaisha. Badala yake akateleza hadi kwenye chumba cha makoti, akashika kitufe cha ubavuni cha kuitilia ufunguo, akarekebisha mishale kwa saa ya ukutani, kisha akazungusha, akazungusha. Meno ya ndani yakalia kidogo. Alipoinua macho, alimwona Getzl, mpiga pasi wa mtaani, amesimama na kofia mkononi.

Getzl akavaa kofia yake, akatoka.

Baada ya sala, walipokusanyika kula pale sinagogini, Feivish alimkamata Zanvil mkono, akauinua juu ya sahani za samaki. "Inakwenda! Kweli sijaona saa kama hii. Getzl, njoo uone!"

"Macho yangu mabovu," alisema Getzl. "Mimi niachieni samaki."

Wakamshangilia. Zanvil alicheka nao, na ndani aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wiki nzima alipita njia ya nyuma ili asikutane na mlango wa Getzl, na mashati yake akayavaa na mikunjo. Hakumkemea mtu yeyote. Hinda alidhani ana homa.

Ikafika mkesha wa Siku ya Upatanisho, siku ambayo watu huendeana kuombana msamaha. Zanvil aliamka ameazimia: atakwenda kwa Getzl, atasema yote, kisha atayasema sinagogini. Alikuwa anafunga viatu mlango ulipobishwa.

Alikuwa Getzl.

"Reb Zanvil, nisamehe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Siku ile nilikutazama. Ningewahi kugeuza uso, wala usingejua kama kuna mtu. Nilikutia aibu, na deni la namna hiyo siwezi kuingia nalo kwenye mfungo."

Hinda akachungulia kutoka jikoni, mikono ina unga. "Kakukosea nini huyu, mzee?"

Maneno yalikuwa mdomoni, tayari kabisa. Zanvil alimtazama mkewe, akamtazama Getzl.

"Jambo dogo tu," alisema. "Nimekusamehe, Getzl."

Getzl akashukuru, akawatakia mwaka mwema, akashuka ngazi.

"Una roho nzuri, mume wangu," alisema Hinda. "Mwingine angemwacha arudi na mzigo wake."

Zanvil akajifungia msalani, akalia mpaka alipoitwa kula.