Mahari ya Wati Nane

Kilichoninyima usingizi wiki ile si ndoa. Ndoa nilikuwa nimeshaikubali, na mwanamume mwenyewe nilimpenda. Kilichoninyima usingizi ni kutojua kama wati nane zinatosha.

Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuja kwetu Chake Chake siku ya Jumapili. Walileta barua ya posa, wakanywa chai, wakala visheti, wakasema watarudi Ijumaa baada ya sala kuchukua jibu. Jibu lenyewe kila mtu alilijua. Kilichobaki ni mahari, na mahari ni haki ya mwanamke. Anataja mwenyewe anachokitaka. Jioni ile shangazi yangu, dada yake baba, aliyekabidhiwa kazi ya kuniuliza, alinikalisha jikoni.

"Haya, bibi harusi. Wataka nini?"

Dada yangu mkubwa alipoulizwa swali hilo alijibu kabla halijaisha: kitanda cha mninga na kabati la milango mitatu. Dada yangu hakusoma chuo kikuu. Mie nina shahada, kwa hiyo niliomba siku chache za kufikiri.

"Fikiri," shangazi akasema. "Lakini usifikiri kama ulivyoifikiri ile kazi ya wilayani."

Ile kazi ya wilayani niliandika faida zake na hasara zake kwenye daftari, nikazipima kwa uangalifu mkubwa, na nilipokaribia uamuzi siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa imepita.

Ukweli ni kwamba nilijua ninachotaka tangu mwaka wa pili wa chuo. Nilisoma Unguja, na nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na redio-gramu ya marehemu mumewe sebuleni. Ilikuwa redio ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani. Ukiiwasha haisemi hapo hapo. Hujipasha moto kwanza, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini na kuambiwa kuna wageni. Kisha fidla inakuja, na nyuma ya fidla udi, na unahisi mpigaji amekaa upande wa pili wa pazia. Nilirudi Pemba na cheti, na simu yenye spika moja ya upande wa chini, na tangu siku ile kila wimbo niliousikia ulikuwa kama mtu anayeimba ndani ya kopo la maziwa.

"Nataka amplifaya," nikamwambia shangazi. "Ya kusikilizia muziki nyumbani. Ile yenye valvu."

Aliendelea kukoroga mchuzi, mizunguko mitatu au minne.

"Mahari yatatajwa msikitini," akasema. "Mbele ya watu. Baba yako amshike kijana mkono, aseme nimekuoza binti yangu kwa mahari ya." Akaacha kukoroga. "Wewe umeliwazia hilo?"

Nilikuwa nimeliwazia. Nilikuwa nimeliwazia kiasi cha kupanga safu za watu msikitini na nani atacheka kwanza.

Siku ya pili tulikwenda kwa ustadhi aliyenisomesha madrasa nilipokuwa mdogo, ambaye ndiye angefungisha ndoa. Nilitarajia atakataa, na kwa kweli nilitamani akatae, maana katazo lingenipunguzia kazi.

"Chombo hicho kinaweza kutoa sauti ya Kur'ani?" akauliza.

"Kinaweza, ustadhi."

"Na mawaidha?"

"Pia."

"Basi ni chombo. Utakachokisikiliza ni baina yako na Mola wako." Shangazi akashusha pumzi. Ustadhi akaendelea. "Lakini mahari lazima yajulikane. Ukisema amplifaya tu, kijana akakuletea ya kwenye gari, utasema nini? Itaje sifa zake. Nguvu zake, ukubwa wake, mpya au kuukuu. Ikiwa haijulikani, tunarudi kwenye mahari ya mfano wako."

"Mfano wangu ni upi, ustadhi?"

"Waliyopewa dada zako na shangazi zako."

Dada yangu kitanda. Shangazi yangu, aliyekaa pembeni yangu, kitanda. Nilifahamu mara moja hali yangu. Nilikuwa na mpaka Ijumaa kuchagua kifaa kimoja duniani, kwa sifa zake zote, la sivyo ningelala kwenye kitanda.

Njiani, tulipofika sokoni, shangazi alinigeukia. "Watu wanawaogopa Munkari na Nakiri, malaika wa kaburini," akasema, "wewe waogopa kitanda."

Nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Safu za mwanzo zilikuwa za kawaida: nguvu, bei, uzito, nani anauza. Bei ilinihangaisha zaidi ya yote, kwa sababu mchumba wangu ni fundi wa maabara hospitalini na mshahara wake naujua. Mahari mepesi yana baraka, hilo tumefundishwa, lakini amplifaya nyepesi, kwa maelezo ya watu wa mitandaoni, haina baraka yoyote. Niliwatazama wazungu wengi wakizungumzia valvu. Wote walikuwa na zulia, pazia zito na ukuta wa vitabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na paa la bati. Nikaongeza safu ya mvua. Hakuna aliyeeleza chuma kinafanya nini karibu na bahari ya Wesha. Nikaongeza safu ya kutu. Umeme wetu jioni hushuka, taa zikawa kama zimechoka. Nikaongeza safu hiyo pia. Halafu joto, maana valvu huunguza kama jiko, na chumba alichopanga mchumba wangu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Halafu mita ya umeme na jinsi inavyokula. Halafu vidole vya watoto ambao hatujawazaa.

Jumanne nilimwandikia mchumba ujumbe. "Unaonaje, wati nane au ishirini?"

"Nakupenda," akajibu.

Jibu hilo halikuwa na manufaa yoyote ya kiufundi. Nikamwandikia tena, kwa kirefu, nikimweleza tofauti ya amplifaya za valvu tupu na zile zilizochanganya valvu na transista. Baada ya saa nzima akajibu: "Nilikuwa napima malaria. Wewe taja, mie ntatafuta." Mtu mwingine angefurahi. Mie nikaona mzigo wote umerudi kwangu, na juu yake umeongezwa imani.

Jumatano nilikwenda kwa fundi wa redio pale mjini. Ni mtu wa bara, Mkristo, alikuja kikazi zamani akabaki, na duka lake limejaa vifaa kuukuu vya Japani vilivyoshushwa kwenye makontena. Nilimweleza shida yangu yote, kuanzia posa.

"Mahari?" akasema. "Hii ndiyo mahari?"

"Ndiyo."

"Kwetu tunatoa ng'ombe." Alifikiri kidogo. "Ila ng'ombe hahitaji transfoma."

Nilimwonyesha amplifaya iliyokuwa imenikaa moyoni tangu Jumatatu. Ilikuwa kwenye duka la jirani yake, wati ishirini, bei nafuu, ingeweza kununuliwa siku hiyo hiyo. Mbele ilikuwa na valvu mbili zilizowaka rangi ya chungwa nzuri sana. Fundi alimwomba jirani amwazime, akaiweka mezani, akaiwasha. Ilisema hapo hapo.

"Umeona?" akasema. "Haijapumua hata kidogo." Akaigeuza, akafungua skrubu nne, akanionyesha. Chini ya kila valvu kulikuwa na kitaa kidogo cha rangi, kama vya kwenye mabodaboda. "Hii ni ya mapambo. Valvu ipo, inafanya kazi kidogo huko mwanzoni, lakini kazi kubwa inafanywa na hivi vidude vya kawaida. Si mbaya. Itapiga. Ila wewe ulisema unataka ile ya yule bibi."

"Wati nane za kweli zinatosha?"

"Zinatosha kwa nani?"

Niliona ni swali la kihuni, lakini aliuliza kwa dhati. Akanieleza kwamba wati si sauti. Spika ngumu kusukumwa hula wati mia na hazishibi. Spika nyepesi, kubwa, za zamani, hujaza chumba kwa wati tano. Akafuta vumbi pembeni, akanionyesha mbili za mbao, za Kijapani, zenye urefu wa kiunoni. Amplifaya za Japani alinikataza, kwa sababu umeme wao ni volti mia na wetu utaziunguza. "Spika hazijui volti za mtu," akasema. "Hizi hazina nchi."

Nilimwambia nitafikiri. Akasema anavyoniona, hana shaka.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa na habari. Mama wa mchumba wangu alikuwa ameambiwa na mtu, aliyeambiwa na mtu, kwamba bibi harusi anataka spika za disko.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia si disko, ni ya valvu."

"Akasemaje?"

"Akauliza valvu si ile ya bomba la maji. Nikanyamaza, maana mie mwenyewe sijui."

Hapo nilitaka kuacha. Nakiri. Niliona maisha yangu yote mbele ya mkwe ambaye kila akinitazama anaona disko, au mabomba. Kitanda hakimkeri mtu. Kitanda kingepita msikitini kwa heshima, kingepita mtaani kwa heshima, na baada ya hapo ningesikiliza simu yangu nikiwa nimelala juu ya mninga. Niliandika kabisa kwenye karatasi: kitanda, futi sita kwa sita. Kisha nikaanza kujiuliza sita kwa sita au tano kwa sita, godoro la aina gani, mbao zimekauka au la, na nikaona hata huku sitapata usingizi.

Baba alinikuta ukumbini na karatasi ile. Baba alikuwa karani wa kilimo mpaka alipostaafu, na hana maneno mengi. Aliisoma, akaniuliza amplifaya imekwenda wapi.

"Nahofia njiani itavunjika, baba. Ni kioo."

"Kitanda cha dada yako kilivunjika mguu bandarini Wesha wakati kinashushwa. Na kilikuwa mti."

"Na watu wa kule wanasema ni disko."

"Wewe ndiye unayeolewa," akasema, "au wao?" Halafu akaenda kusali Isha, akaniachia karatasi.

Alhamisi nililala mapema na sikuongeza safu. Ijumaa asubuhi, kabla duka la fundi halijafunguka vizuri, nilikuwa mlangoni na pesa za masomo ya ziada ninayowafundisha watoto wa skuli. Nilinunua zile spika mbili. Bodaboda ilizileta kwa safari mbili, moja moja, imekumbatiwa kama mgonjwa na kijana aliyepakiwa nyuma, na mtaa mzima ulipata nafasi ya kutazama mara mbili. Niliziweka chumbani kwangu, nikazifunika kanga. Kisha nikaichana karatasi ya kitanda, nikaandika nyingine: amplifaya moja ya valvu tupu, mpya, wati nane kila upande, ya umeme wa volti mia mbili na thelathini, pamoja na valvu za akiba seti moja. Mwenye kuiuza Dar es Salaam nilikuwa nimeshampata tangu Jumatatu. Alikuwa mstari wa tatu wa jedwali. Nikampa baba karatasi alipokuwa anavaa kanzu.

Wazee walikuja baada ya sala. Mie nilikaa chumbani na mlango nimeuacha wazi kidogo. Nilimsikia baba akiisoma karatasi, polepole, kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kisha mjomba wa mchumba wangu, ndiye msemaji wao, akauliza jambo kwa sauti ya chini, na wengine wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Shangazi akaja.

"Wasikilize," akaniambia. "Hawakatai. Wasema wameiona moja dukani hapa mjini, wati ishirini, yawaka vizuri. Kijana aweza kuinunua leo leo, hata bei ni pungufu. Hiyo ya wati nane itangoja boti, na mwezi wa harusi hauko mbali. Wauliza, si bora kubwa kuliko ndogo? Mjomba wao asema hajapata kuona mtu aliyepewa ishirini akataka nane."

Nilijua kila neno la hoja ile. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, Jumatatu, kwa rangi ya kijani. Ishirini ni zaidi ya nane, leo ni mapema kuliko mwezi ujao, nafuu ni nafuu, na mkwe angeona taa nzuri akaridhika. Nilihisi jedwali lote linafunguka kichwani, safu kwa safu, mpaka kwenye watoto. Shangazi alisimama amelishika pazia, na kule ukumbini walikuwa wanangoja.

"Waambie nane," nikasema. "Ile ile iliyoandikwa. Nitaingoja boti."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini waambie nane. Na waambie spika wasihangaike nazo, nimeshanunua."

Shangazi alizitazama zile mbili zilizosimama ukutani chini ya kanga, akapima urefu wake kwa macho, akavuta mtandio wake sawa, akatoka kwenda kuwaambia.