Njia za Kufika Bujumbura

Mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni kwa sababu tulichelewa kufika hospitali. Muuguzi wa dispanseri ya Rumonge aliniambia bila kunificha: "Mimba ya pili, uchungu ukukute Bujumbura. Nyonga zako ni nyembamba, na hapa hatupasui mtu."

Nilipobeba mimba ya pili, mume wangu, fundi cherehani karibu na soko, alimuuliza kila mteja aliyekuja kupimwa kanzu habari za njia. Wauza samaki wa baiskeli walimwambia wanatoka alfajiri na kuingia mjini jioni, miguu imekufa ganzi. Madereva wa kamiyo, yale malori ya mawese, walisema ni asubuhi moja tu, ila mvua ikibomoa daraja unalala njiani. Anayekwenda kwa miguu hulala Kabezi. Anayepita ziwani, mawimbi ndiyo yatakayoamua. Tukachagua kamiyo. Jirani yetu dereva akaahidi kunikalisha mbele, nami nikaanza kupata usingizi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Mwezi wangu ulipokaribia, tukasikia risasi upande wa kusini, kisha hapo hapo kwetu. Waasi waliingia, watu wakauawa. Wakaja askari, na watu wakazidi kuuawa. Soko likafungwa. Yule dereva alikuja akaegemea mlango wetu, hataki kuingia.

"Dada, mimi siendi tena," aliniambia. "Bariyeri iko kila mahali, askari wamefunga njia. Wanaume wanashushwa, wengine hawapandi tena."

Mume wangu akachukua baiskeli ili aone mwenyewe. Mama yake alimshika shati. Akajichomoa taratibu na kuondoka. Nilikaa uani nimeshika tumbo, kila mbwa akibweka nachungulia njia. Alirudi alasiri kwa miguu, bila baiskeli, bila viatu.

"Barabara hakuna," alisema.

Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga na kukanyaga bila kitambaa mpaka mama yake akamwondoa mikono.

Basi mamamkwe akajifunga kanga, akaenda kwa kaka yake, mvuvi mwenye mutumbwi wa mota. Nilimfuata, sikuweza kubaki.

"Tupeleke kwa maji, kaka," alimwambia.

"Na askari wakituona?"

"Na mutoto akikwama?"

Mjomba alitazama tumbo langu, kisha akaenda kutafuta mafuta.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mume wangu alilala chini, tukamfunika nyavu. Mjomba hakutaka kukaribia nchi kavu, maana tungeonekana, wala kwenda mbali sana, maana upepo ulikuwa umeshaanza. Maji yalituingilia, mamamkwe aliyachota kwa sufuria huku akisoma dua. Juu ya michikichi niliona moshi, mahali pengi. Hakuna aliyeuonyesha kwa kidole. Kabla hatujafika usawa wa Kabezi, uchungu ukanishika. Niliuma kanga nisipige kelele, kana kwamba waliokuwa nchi kavu wangenisikia.

Mjini, ufukweni, askari alikuwa anatungoja, bunduki mkononi. Mume wangu alikuwa ameshatoka nyavuni na kuketi. Mjomba alikuwa amemwonya kwamba mtu akikutwa amejificha, ndio mwisho wake.

"Mumetoka wapi?" askari aliuliza.

Mamamkwe akashuka majini mpaka magotini, akamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, mwanangu. Huyu anakufa na mutoto wake." Kisha akanifunua kanga mbele ya mwanaume yule asiyemjua, ili aone damu.

Askari alitazama pembeni. Akamkagua mume wangu tangu kichwani hadi miguu mitupu, muda mrefu mno. "Mubebeni," alisema. "Haraka."

Mume wangu alinibeba mgongoni mpaka barabara kubwa, na huko mzee wa mkokoteni akamwaga mihogo yake akaniweka mimi. Nilipasuliwa hospitalini siku hiyo hiyo. Binti yangu alilia kabla sijapotelewa na fahamu, au labda ndivyo nilivyosimuliwa.

Hatukurudi Rumonge mwaka ule, wala uliofuata. Mume wangu alipata kazi ya kushona mjini. Yaliyompata kwenye bariyeri siku ile aliyokwenda na baiskeli hakunisimulia kamwe. Nilimuuliza mara moja tu, binti akiwa ameanza kutembea, naye akatoka nje kwa heshima, kama mtu aliyeitwa na mgeni, akakaa huko mpaka nikalala.