Kwa nini watu wa stereo wanaidharau home theater: spika mbili za Kianjokoma zimeninyamazisha

Wakuu, salamu kutoka Embu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na palipo na ujinga wangu nitausema.

Wengi mnanijua humu kama mtu wa kelele. Nyumbani kwangu Dallas, mtaa wa hapa Embu mjini, nina home theater ya spika tano na subwoofer inayotikisa mabati ya jirani. Kila mara watu wa stereo wakisema mfumo huu unaharibu muziki, nilikuwa nawacheka. Niliwaita wazee wa kaseti. Nilisema wana wivu.

Sasa nisikilizeni.

Mamangu ni Mmeru wa Githongo aliyeolewa huku Embu, kijijini Kianjokoma. Zamani aliimba kwaya ya kanisa la huko. Nikiwa bado nanyonya, alipasuliwa goita, ule uvimbe wa shingoni, na tangu hapo sauti haikurudi. Huongea kwa kunong'ona. Sijawahi kumsikia akiimba hata siku moja.

Mwaka huu masikio yake nayo yameanza kugoma. Daktari alisema wazi kwamba usikivu utaendelea kupungua. Mama hakulia. Aliniambia tu kwamba mwalimu wao wa kwaya bado ana kaseti ya zamani, na angependa kujisikia mara moja kabla hajawa kiziwi.

Mnaona mzigo niliopewa. Na mimi, bingwa wa besi, nikaona kazi ni rahisi.

Nikaazima kaseti kwa Mwalimu, mzee mstaafu, mpole, asiye na maneno mengi. Nikampa fundi mmoja mjini ainakili kwenye flash. Jumamosi mchana nikamketisha mama kwenye kochi langu zuri, nikachagua surround, ile setting inayoongeza mwangwi kama wa kanisani, nikafungulia.

Wakuu, nyumba ilijaa. Sauti mbele, sauti nyuma, besi chini ya miguu. Nilikuwa najipongeza.

Mama alianza kugeuza kichwa. Akatazama nyuma ya kochi, akatazama mlangoni. Nikadhani hasikii, nikaongeza sauti. Wimbo ulipoisha alinong'ona, "Hiyo kwaya ni yetu. Lakini mimi siko hapo."

Akaomba chai. Mimi sikuweza kumwangalia usoni. Nilihisi amepokonywa sauti yake mara ya pili, na safari hii ni mimi.

Kesho yake, baada ya ibada, tulirudisha kaseti pamoja, nyumbani kwa Mwalimu huko Kianjokoma. Mwalimu akauliza niliicheza kwenye nini, nikamweleza kwa majivuno kidogo yaliyobaki. Akasema siku ile ya kurekodi aliweka maikrofoni mbili tu juu ya benchi, moja kushoto, moja kulia, na kwaya nzima ikasimama mbele ya hizo maikrofoni.

"Hakuna mtu aliimba nyuma yako," akaniambia. "Umetawanya watu wangu."

Sebuleni kwake kuna amplifaya kuukuu na spika mbili za mbao zilizosogezwa mbali na ukuta. Kati yao hakuna kitu. Alimweka mama kwenye kiti mahali alipokuwa amepima yeye mwenyewe, mimi nikasimama nyuma yake.

Akatia kaseti kwenye deki, akabonyeza.

Sijui niwaelezeje. Spika zilipotea. Nilikuwa naziona kwa macho, lakini sikusikia kitu kikitoka ndani yake. Watu walikuwa wamesimama pale mbele ya kabati la vyombo! Wanaume kulia, wanawake kushoto. Mtu akakohoa katikati, na mimi nikanyoosha shingo kumtafuta. Nikashika kiti cha mama.

Ikafika kiitikio. Kwaya yote ikaimba "Ngai", kama Waembu wanavyomwita Mungu. Na kule kushoto, kama hatua moja nyuma ya wenzake, sauti moja ya msichana ikaimba "Murungu".

Kule Githongo Mungu ni Murungu. Mama alikuwa ameolewa miezi michache tu, ulimi ulikuwa bado uko kwao. Na kwa kuwa neno lake ni refu, wenzake walikuwa wameshanyamaza na yeye bado anamalizia, peke yake, sauti safi kabisa.

Mama akainua kidole akaonyesha nafasi tupu kando ya dirisha. "Hapo ndio nilikuwa nasimama," akanong'ona. "Na hiyo makosa ni yangu."

Mwalimu akasema wanakwaya walimcheka sana, wakataka wimbo urudiwe. "Nikaona nikimrekebisha mbele ya watu, huyu bibi ya watu hatawahi fungua mdomo tena. Nikaacha hivyo."

Nililia, wakuu, na sioni aibu. Kwangu Dallas neno hilo lilikuwepo kwenye flash, lakini mashine yangu ililigawa spika tano na kulimwagia mwangwi juu.

Najua mtauliza mbona sikuzima surround. Nilizima baadaye, na bado mama hakuwa na mahali pa kusimama. Shida ni kwamba vispika vyangu ni vidogo kama vikombe, kimoja kiko juu ya friji, kingine nyuma ya pazia. Kwa filamu na mpira bado siuzi kitu changu. Lakini nimejifunza kwamba wapo watu wasiotafuta sauti nyingi. Wanatafuta mahali mtu alipokuwa amesimama. Wote niliowaita wazee, nisameheni.

Mama aliomba wimbo urudiwe mara tatu. Mara ya tatu, kiitikio kilipofika, alifungua mdomo pamoja nao. Kwake ilitoka pumzi tu. Sauti ilitokea kule dirishani.

Sasa wajuzi, nataka kumwekea amplifaya na spika mbili chumbani kwake Kianjokoma. Nianzie wapi, na zikae umbali gani kutoka kwa kiti? Hata wa kunitukana karibuni, mradi mnijibu.

Msikawie tu. Jana nilimsalimu mara tatu kabla hajageuka.